Mayai na mchicha alfajiri bila majimaji: jibu kwa mwalimu asiye na friji

Swali: "Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam, nina kilo 68, nina mume na watoto wawili, wa miaka 9 na 4. Natoka nyumbani saa 11:45 alfajiri. Chai yetu ni ya rangi na maandazi mawili mawili, na ikifika saa 4 njaa inanibana mpaka natetemeka darasani. Nimeamua kuhamia kwenye mayai na mboga, lakini kila nikipika na mchicha yanatoa maji kama mchuzi, mayai yenyewe magumu, na nusu saa yote imekwisha. Natumia ule mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, friji sina. Kaka yangu anasema nikoroge mayai mabichi kwenye maziwa ninywe, ndiyo haraka. Nifanyeje nipate protini ya kutosha kwa muda mfupi? Mume wangu ana presha, mayai ya kila siku hayatamdhuru? Na huyu mdogo anachambua majani moja moja anayaweka pembeni ya sahani."

Marahaba, mwalimu. Naanza na hayo maji, maana ukiyaweza hayo umeuokoa na muda pia.

Gramu 100 za mchicha mbichi zina karibu gramu 90 za maji. Nyanya imezidi hapo, inafika 94 hivi. Fungu moja likishachambuliwa likabaki gramu 200 za majani, umebeba robo tatu ya glasi ya maji hata kabla ya kuhesabu yale ya kuoshea. Jani likishapata moto linalegea na kuyaachia maji yote, na kama mayai yameshamiminwa kikaangoni, hayana pa kwenda. Yanabaki humohumo katikati ya yai.

Halafu kuna maji ya pili, na hayo yanatoka kwenye yai lenyewe. Ute huanza kuganda kwenye nyuzijoto 62 hivi, kiini kati ya 65 na 70. Hapo protini zimeshikana kama wavu na maji ya yai yametulia ndani ya wavu huo. Ukiendelea kuchochea moto, wavu unajikaza na kuyakamua nje, kama unavyokamua tui kwenye kitambaa. Kwa hiyo unayoyaona kwenye sahani ni makosa mawili kwa pamoja: mboga zilizowekwa na maji yake, na mayai yaliyokaa motoni muda mrefu ukisubiri hayo maji yakauke. Ndiyo maana yanakuwa magumu na yanaogelea wakati huohuo.

Utaratibu ugeuze. Mboga ziive na zikauke peke yake kwanza, kwa moto mkubwa. Yai liingie mwisho kabisa, kwa moto mdogo, na litoke mapema.

Sasa huna friji, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Ushauri mwingi wa kifungua kinywa cha haraka unasema pika mboga usiku, hifadhi, asubuhi pasha. Wewe usifanye hivyo. Mboga iliyopikwa ikalala mezani kwenye joto la Dar, bakteria wana usiku mzima wa kuzaliana, na wako baadhi yao wanaoacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Mayai ya kuchemsha nayo yasilale hivyohivyo. Ukishalichemsha yai umeliondolea ule utando wa asili unaoziba vitundu vya ganda, kwa hiyo linaharibika upesi kuliko bichi.

Kinacholala salama ni mboga mbichi, nzima, kavu. Jioni chambua mchicha, uoshe kwa maji mara mbili au tatu mpaka mchanga uishe chini ya beseni, ukung'ute, kisha utandaze juu ya kitambaa safi wakati mnakula. Ukienda kulala, majani yameshakauka matone. Yafunge kwa kulegeza ndani ya khanga safi iliyo kavu, weka kwenye ungo mahali penye hewa. Usiyakate. Jani lililokatwa linapoteza vitamini C usiku kucha na kingo zake zinakuwa nyeusi. Kitunguu, karoti na hoho zioshwe tu, zibaki nzima. Na juu ya meza panga kisu, ubao, kikaango, mwiko, mafuta na chumvi. Nimekaa na akina mama wengi nikiwaangalia wanavyopika asubuhi, na dakika nyingi hupotelea kwenye kutafuta kisu na kuchambua majani kwenye giza. Motoni wala hakuna kazi kubwa.

Asubuhi, kwa watu wanne, chukua mayai 6: mawili yako, mawili ya baba, moja moja ya watoto. Anza na hayo mayai. Yapasue kwenye bakuli, tia chumvi isiyozidi nusu kijiko cha chai na pilipili manga, koroga kwa uma mpaka usione tena nyuzi nyeupe za ute. Yaache. Wakati unakata mboga chumvi inafanya kazi yake, inazuia protini zisikazane kupita kiasi, na yai linakuwa laini zaidi na kushika maji yake. Watu wengi hutia chumvi kwenye mboga. Huko inafanya kinyume cha unachotaka, kwa sababu inayavuta maji ya mboga yatoke kabla kikaango hakijawa tayari kuyakausha.

Kata kitunguu kimoja, hoho moja bila mbegu, kwangua karoti moja, na mchicha ukate mwembamba kama unavyokata sukuma wiki. Dakika 4, na ukizoea zitapungua.

Tumia kikaango kipana, siyo sufuria. Kwenye sufuria yenye kina mvuke unagonga kuta na kurudi chini, mboga zinachemka badala ya kukaangika. Kikaango kishike moto, tia mafuta kijiko kimoja na nusu cha chakula, kisha kitunguu na karoti. Dakika moja. Weka hoho. Halafu mchicha, konzi moja, ulegee, konzi ya pili. Usifunike. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanafunika ili mboga ziive upesi, na kila tone lililotaka kuondoka linarudi.

Kisha sikiliza. Mchicha ukiingia utasikia mlio mkali wa kukaanga. Baada ya nusu dakika mlio unazimika, unageuka kuwa wa kutokota, kama maharage. Hayo ni maji yametoka kwenye majani. Endelea kugeuza na mwiko, moto ubaki mkubwa. Baada ya dakika moja au mbili mlio mkali unarudi tena. Ukiusikia huo wa pili, maji yameisha. Ukitaka uhakika, sogeza mboga upande mmoja na mwiko: chini pakionekana mafuta yanang'aa tu, tayari, ukiona kamto kadogo kanatiririka kurudi katikati, bado. Mlio huu usikilize mara tatu tu na hutahitaji tena saa wala maelezo yangu.

Mtungi wako najua shida yake: ukipunguza sana moto, upepo kidogo tu unauzima. Basi usihangaike na kitasa. Inua kikaango kabisa, kiweke pembeni, hesabu taratibu hadi 10, joto lishuke. Ndipo umimine mayai juu ya mboga, urudishe kwenye moto mdogo kadiri jiko linavyokubali. Yaache hesabu 15 bila kuyagusa. Kisha kwa mwiko mpana sukuma taratibu kutoka ukingoni kuja katikati, zunguka kikaango, usiyavuruge kama uji. Kisipobaki kitu kinachotiririka lakini juu bado panang'aa, zima, funika kwa sahani dakika moja. Joto lililobaki kwenye chuma linamalizia. Kwa watoto, na kwa mjamzito yeyote aliyemo nyumbani, hakikisha pameganda pote mpaka ndani. Kuanzia kupasua yai hadi kufunua sahani ni dakika 12 au 13.

Nyanya usiikaange humo. Ikate vipande, ikamulie limau, iweke pembeni kama kachumbari. Sababu yake nitaieleza nikifika kwenye chai.

Tuje kwenye protini yenyewe. Mtu mzima anahitaji takriban gramu 0.83 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Kwa kilo zako 68 ni gramu 56 hivi, na ukizigawa kwenye milo mitatu unapata kama 19 kwa mlo. Maandazi yako mawili yana 6 au 7 tu, na tena protini ya ngano ina upungufu wa lisini, kijenzi cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Yai linayo ya kutosha. Yai moja la kisasa lenye ukubwa wa kawaida lina gramu 6 za protini, zaidi kidogo ya nusu iko kwenye ute na iliyobaki kwenye kiini. La kienyeji ni dogo zaidi, kwa hiyo lina pungufu kidogo. Kiini chake cha rangi ya machungwa kinatokana na majani na mahindi aliyokula kuku. Hakimaanishi protini zaidi. Kama bei ya kienyeji inakuumiza, nunua ya kisasa bila wasiwasi.

Mayai mawili ni 12. Mchicha hauongezi kitu kikubwa upande huu: gramu 100 mbichi zina 2.5 tu za protini, na wewe kwenye sahani utapata kama nusu ya hizo. Nalisema hili kwa sababu nimeona watu wanaongeza majani na kupunguza mayai, wakidhani wanapata lishe ileile. Mboga tunazitaka kwa foleti (moja ya vitamini za kundi B), kwa madini, kwa nyuzinyuzi, na kwa ile karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Karotini haifyonzwi vizuri bila mafuta, na mafuta ya kiini yanaisaidia, kwa hiyo hivi viwili vikikaa sahani moja vinasaidiana kweli. Ila hesabu ya protini ifanye kwa mayai na kwa mwenzake.

Na mwenzake, kwa nyumba isiyo na friji, mimi nampendekeza dagaa. Dagaa wakavu wana karibu gramu 60 za protini kwa kila 100, huwezi kupata kitu cha bei yao chenye kiasi hicho, na kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao unapata madini ya kalisi pia. Jumamosi chukua dagaa, toa vichwa, waoshe kwa maji ya uvuguvugu mpaka mchanga uishe, anika juani wakauke kabisa. Kisha wakaange bila mafuta, moto mdogo, mpaka dagaa mmoja ukimvunja kwa vidole analia "ka!" Watwange kinuni wawe unga, weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko unaobana. Unakaa wiki mbili bila taabu, mradi usichovye kijiko chenye maji. Asubuhi, mchicha ukishakauka na kabla hujamimina mayai, nyunyiza kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kwa kila mtu mzima. Kila kijiko kinaongeza gramu 4 au 5 za protini, na huo unga unanyonya unyevu wowote uliobaki kikaangoni. Kama harufu inawasumbua, kwaruza kipande kidogo cha tangawizi pamoja na kitunguu mwanzoni.

Mayai mawili, dagaa kijiko kimoja, vipande viwili vya mkate: umefika gramu 20 na zaidi kidogo. Hiyo inakufikisha saa 4 ukiwa umesimama vizuri. Lakini kama baada ya wiki mbili za kula hivi bado unatetemeka darasani, nenda kituo cha afya wakupime sukari na wingi wa damu. Usilichukulie hilo kuwa njaa tu.

Kaka yako ana nia njema, ila hapo siafikiani naye. Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji walipima kwa watu kiasi cha protini ya yai kinachomeng'enywa kweli. Yai lililopikwa lilimeng'enywa kwa asilimia 91 hivi, bichi kwa asilimia 51. Yaani ukinywa mawili mabichi umefaidi karibu moja. Zaidi ya hapo ute mbichi una protini inayoishika vitamini iitwayo bayotini isitumike mwilini, na yai bichi linaweza kuwa na bakteria aitwaye salmonela, ambaye kwa mtoto wako wa miaka 4 si kuharisha kwa siku moja tu. Dakika 3 za motoni zinamaliza yote matatu.

Chai. Kwetu kifungua kinywa chenyewe tunakiita chai, ndiyo maana neno hili nalisema kwa unyenyekevu: chai ya majani isogeze mbele. Tanini zilizo kwenye majani ya chai hushikamana na madini ya chuma ya mchicha na kuyapitisha mwilini bila kufyonzwa, na kutia maziwa hakuondoi shida hiyo. Yai lenyewe nalo lina protini kwenye kiini inayobana chuma kidogo. Kwa mwanamke wa umri wako anayepoteza damu kila mwezi, hilo si jambo dogo. Vitamini C hufanya kazi ya kufungua palipobanwa, na ndiyo sababu ya ile nyanya mbichi yenye limau pembeni, maana moto huipunguza. Alfajiri kunyweni maji ya moto ya tangawizi na limau, au maziwa kama yapo. Glasi moja ya maziwa ina gramu 8 za protini. Chai yako ya rangi inywe mapumziko ya saa 4.

Kuhusu baba: yai moja lina miligramu 186 hivi za kolesteroli, zote kwenye kiini, na kwa miaka mingi watu waliogopeshwa nayo. Miongozo ya chakula ya Marekani ilikuwa na kikomo cha miligramu 300 kwa siku, na mwaka 2015 kikomo hicho kiliondolewa, kwa sababu kwa watu wengi kolesteroli inayoliwa hupandisha kidogo sana ile ya damu. Mtu mwenye afya akila yai moja kwa siku hana cha kuhofia. Kwa mwenye presha, adui wa karibu zaidi kwenye kikaango hiki ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku nzima, sawa na kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mkate na ya kila kitu kingine. Kwa hiyo ile nusu ya kijiko kwa watu wanne usiizidishe, na vile vidonge vya kiungo vya kutia kwenye mchuzi usivitie kabisa, vimejaa chumvi. Ladha itoke kwenye kitunguu, hoho, tangawizi na limau. Unga wa dagaa nao una chumvi yake kama wametiwa wakati wa kukausha, onja kwanza. Baba ale mayai mawili siku tatu nne za wiki, siku nyingine moja na kijiko cha dagaa, na siku akienda kliniki aombe apimwe kolesteroli na sukari. Ikionekana ana kisukari, idadi hiyo aipange na daktari wake.

Mayai yenyewe usinunue trei nzima. Kwa joto la huku nunua nusu trei, 15, yakiisha nunua mengine. Usiyaoshe mpaka dakika ya kuyatumia, kwa sababu maji yanaondoa ule utando niliousema. Yaweke upande mwembamba ukiangalia chini, mbali na jiko na dirisha lenye jua. Ukilitilia mashaka yai, litumbukize kwenye maji: likilala chini ni zuri, likisimama limezeeka lakini linafaa kuchemshwa na kuliwa leo, likielea litupe. Na kila yai lipasulie kwenye kikombe kwanza kabla ya kulimimina bakulini. Mimi niliwahi kupasua mayai matano mazuri, la sita likawa viza, na watoto watatu wamesimama mlangoni na mabegi mgongoni wakisubiri. Siku ile waliondoka na ndizi. Tangu hapo kikombe hakijawahi kukosekana pembeni yangu.

Siku mchicha ukikosekana, kabichi iliyokatwa nyembamba sana inakubali vizuri, haimwagi maji kwa kasi kama mchicha. Waganda wanajua hilo: rolex yao ni mayai yaliyokaangwa na kabichi, nyanya na kitunguu, yakazungushiwa chapati. Chapati ikiwepo, fanya hivyohivyo, ifunge kwenye karatasi uondoke nayo, ila iliwe ndani ya saa mbili tangu uipike, siyo saa 4 mapumziko.

Huyu mdogo anayechambua majani, mpikie ya kwake kwa namna nyingine kidogo. Karoti iliyokwanguliwa iwe nyingi, mchicha uwe kidogo na umekatwa mdogo mdogo kabisa, kiasi kwamba vidole vyake havina cha kushika. Na jioni mpe kazi ya kukung'uta majani juu ya kitambaa. Watoto wa umri huo wanapenda sana kurusha maji, na wengi niliowaona walianza kukila kile walichokiosha wenyewe.